Kambale wenu wamekwenda wapi? Kuwazoesha samaki wawindaji chakula cha kutengenezwa



Tuseme kikundi chenu kina wanachama 20. Mmechanga pesa, mmechimba bwawa, mmetia maji, na mmenunua vifaranga 1,000 vya kambale. Mmegawana zamu za kulisha na zamu za kulinda usiku. Miezi minane ikiisha mnakausha bwawa mbele ya watu wote, mnahesabu, na mnapata samaki 230. Ni wakubwa, ni wanono, lakini ni 230 tu. Wale wengine wako wapi?

Hapo ndipo maneno huanza. Aliyekuwa akilinda usiku anaangaliwa kwa jicho baya. Mwenyekiti anaulizwa kama kweli vifaranga vilivyonunuliwa vilifika 1,000. Mama mmoja anakumbuka kwamba fulani alionekana sokoni na samaki. Wiki chache baadaye nusu ya wanachama hawaji mkutanoni, na bwawa linaota nyasi. Katika kazi yangu nimeketi katika mikutano ya kupatanisha watu kwa jambo kama hili. Mara nyingi hakuna mtu aliyekuwa ameiba. Samaki walikuwa wameliwa kweli, lakini walioshiba ni samaki wenzao.

Makala haya yanaeleza kwa nini hivyo hutokea na jinsi ya kuzuia. Njia yenyewe si ngumu. Ni kumfundisha kambale, tangu siku anapofika, kwamba chakula ni kile tunachompa sisi, si ndugu yake aliye karibu.

KAMBALE NI SAMAKI WA NAMNA GANI?

Wengi wetu tulianza na ngege. Ngege ni mpole. Anakula majani mororo, ukijani wa maji, pumba za mahindi, karibu kila kitu. Ukimtupia pumba leo, kesho amezoea. Basi tukifika kwa kambale tunafikiri ni hivyo hivyo.

Kambale, ambaye Waluo humwita mumi, ni mwindaji. Anaweza kula vitu vingi, hata mimea kidogo, lakini tangu udogo wake amezoea kufuata kitu chenye uhai: wadudu wa majini, nyungunyungu, viluwiluwi na samaki wadogo. Macho yake ni madogo, na hutafuta chakula zaidi gizani. Anategemea ndevu zake nane na uwezo wake wa kunusa. Kitu kikicheza karibu na ndevu zake, anakiruka mara moja. Kitu kikikaa kimya chini ya maji, kikavu, kisicho na harufu anayoijua, kwake yeye ni kama kipande cha mti.

Ndiyo sababu mtu hununua chakula kizuri cha samaki, anakitupa majini, na kambale wapya hawakigusi. Si kwamba chakula ni kibaya. Si kwamba samaki ni wagonjwa. Hawajui tu kwamba hicho ni chakula. Hata watu wa mjini wanaofuga samaki wawindaji wa urembo katika matangi ya kioo hukutana na shida hii. Samaki anaweza kukaa juu ya chakula na njaa yake.

Mkifuga samaki mmoja peke yake, mnaweza kumwacha na njaa siku kadhaa mpaka ajaribu. Katika bwawa la kikundi hiyo ni hatari kubwa. Kifaranga cha kambale chenye njaa humgeukia mwenzake. Wakiwa wadogo sana, hung'ata mkia wa mwenzao na kumla kuanzia huko. Wakikua kidogo, humeza kizima yule ambaye kichwa chake kinaingia kinywani. Anayekula wenzake hukua haraka, na kadiri anavyokua ndivyo anavyoweza kumeza wengi zaidi. Njaa inaweza kumfundisha samaki mmoja, lakini kwa samaki mia tano njaa ndiyo mwizi mwenyewe.

ANZENI NA VIFARANGA VINAVYOFAA

Msinunue vifaranga vichanga vilivyototolewa juzi. Hivyo vinahitaji chakula hai kidogo sana, na kuvilea ni kazi ya kituo chenye matangi na watu waliofunzwa. Nunueni vifaranga vyenye urefu wa kidole, vyenye uzito wa kama gramu 5 kila kimoja, na vyote viwe karibu saizi moja.

Vituo vya serikali na vya watu binafsi vinavyototoa vifaranga viko sehemu nyingi. Kile cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948, na kingine kiko Kegati huko Kisii. Ofisa wa uvuvi wa kaunti yenu atawaeleza kilicho karibu. Mkifika, ulizeni maswali matatu kabla ya kutoa pesa:

1. Vifaranga hivi vinakula nini sasa?
2. Je, tunaweza kuviona vikila?
3. Je, mtatuuzia kidogo cha chakula hicho hicho twende nacho?

Swali la pili ndilo muhimu. Vifaranga ambavyo tayari vinakimbilia chakula kikavu vimekwisha kuwapunguzia nusu ya kazi.

Vikundi vingine huchota kambale wadogo mitoni na kwenye vinamasi, kama wafanyavyo vijana wanaowauzia wavuvi wa mbuta chambo huko ziwani. Ulizeni kwanza kama inaruhusiwa. Mkiruhusiwa, jueni kwamba samaki hao hawajawahi kuona chakula cha kutengenezwa hata siku moja, na wanaweza kuja na ruba na magonjwa. Kwao hatua zote tutakazoeleza hapa ni za lazima.

TENGENEZENI MAHALI PA KUFUNDISHIA

Msiwamwage samaki wapya moja kwa moja katika bwawa kubwa. Bwawa lile ambalo serikali ilichimba kwa wengi katika mpango wa mwaka 2009 lilikuwa la mita za mraba 300. Vifaranga 500 vikiingia humo vinapotea kabisa. Hamtajua kama vimekula au havijala. Kambale atatafuta wadudu pembeni, na chakula chenu kitaoza chini.

Tengenezeni kizimba cha neti ndani ya bwawa. Pigeni miti minne au sita, fungeni neti yenye matundu madogo pande zote na chini, na juu pia, kwa sababu kambale huruka na hutambaa. Kizimba cha mita 2 kwa mita 3 kinatosha vifaranga 500 kwa majuma ya kwanza. Kama mna tangi la saruji au shimo dogo lililotandikwa karatasi ya plastiki, hilo pia linafaa, ila maji yabadilishwe mara kwa mara.

Onyo: msitumie neti za mbu zilizotiwa dawa. Dawa ile ya kuua mbu ni sumu kali kwa samaki. Na tena neti hizo zilitolewa zilinde watoto wetu na malaria. Nunueni neti ya uvuvi au ya kivuli cha miche isiyo na dawa.

Funikeni sehemu ya kizimba kwa makuti, majani ya ndizi au gunia, iwe na kivuli. Gizani kambale hutulia na hagombani sana. Wekeni pia vipande vya bomba au matofali yenye matundu, wadogo wapate kujificha.

Kisha tengenezeni sinia la kulishia. Chukueni vipande vinne vya mbao vya nusu mita, vipigilieni kama fremu, na chini wambeni neti ngumu. Fungeni jiwe dogo lizame, na kamba ya kulivutia juu. Sinia hili litawaonyesha mambo ambayo macho hayawezi kuona ndani ya maji ya tope: walikula kiasi gani, na nini kilibaki.

Jambo la mwisho ni joto la maji. Kambale hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya 20 hamu ya kula hupungua sana. Walio nyanda za juu wasianze kazi hii wakati wa baridi ya mwezi wa Juni hadi Agosti, halafu waseme samaki ni wakaidi.

HATUA TANO ZA KUFUNDISHA

Siku tunazotaja si amri. Samaki wa kituo wanaweza kumaliza kwa juma moja, na wa kinamasini wakachukua majuma matatu. Fuateni samaki wenyewe, si kalenda.

Hatua ya 1: Mapumziko (siku ya 1 na ya 2). Wakifika, elezeni mfuko juu ya maji robo saa hivi ili joto lilingane, kisha waacheni watoke wenyewe. Msiwape chakula siku ya kwanza. Siku ya pili jioni wapeni kidogo tu. Samaki aliyesafiri ana hofu, na chakula kitachafua maji bure.

Hatua ya 2: Chakula wanachokijua (siku ya 3 hadi ya 5). Wapeni nyungunyungu waliokatwakatwa, kumbikumbi, mchwa au viluwiluwi. Waweke kwenye sinia, si kila mahali. Lisheni jioni jua linapozama na alfajiri kabla halijachomoza. Kila mara, kabla ya kushusha sinia, gongeni ndoo mara tatu. Msicheke. Baada ya siku chache mtaona maji yanachezacheza kabla chakula hakijafika. Wameanza kujifunza mahali, saa na sauti.

Hatua ya 3: Chakula kile kile, lakini kimekufa (siku ya 6 hadi ya 8). Sasa watumbukizeni nyungunyungu katika maji moto kwanza, au tumieni omena waliochemshwa na kupondwa, au ngege wadogo waliochemshwa na kutolewa miiba. Chakula hakichezi tena, lakini harufu ni ile ile. Kuchemsha kunasaidia pia kuua vijidudu vya magonjwa. Hii ndiyo hatua ngumu kwa samaki wa porini. Wakisita, tingisheni kamba ya sinia polepole ili chakula kisogee kidogo.

Hatua ya 4: Kuchanganya (siku ya 9 hadi ya 14). Pondeni omena aliyechemshwa, changanyeni na unga wa chakula cha kutengenezwa, mfinyange matonge madogo kama punje za maharagwe. Siku mbili za kwanza: sehemu 3 za omena kwa sehemu 1 ya unga. Siku mbili zinazofuata: nusu kwa nusu. Siku mbili za mwisho: sehemu 1 ya omena kwa sehemu 3 za unga. Mnaona vile kazi inakwenda? Samaki hagundui kwamba chakula kimebadilika, kwa sababu kila siku kinafanana na cha jana.

Hatua ya 5: Chakula cha kutengenezwa peke yake (siku ya 15 na kuendelea). Anzeni na matonge mabichi. Kisha wapeni tembe zilizokaushwa lakini zikalowekwa dakika chache katika maji ya kuchemshia omena. Kisha tembe kavu. Hapo mmemaliza shule.

Wakikataa hatua mpya kwa siku mbili, rudini hatua moja nyuma, kaeni hapo siku mbili, kisha mjaribu tena. Msiwaadhibu kwa njaa. Na kama mna kambale wachache ambao tayari wamezoea, wa saizi ile ile, wawekeni kumi au ishirini pamoja na wageni. Samaki huigana. Mmoja akikimbilia sinia, wengine humfuata kuona kuna nini.

KIASI GANI?

Vifaranga wadogo wanahitaji kwa siku chakula cha uzito wa kama asilimia 5 hadi 8 ya uzito wao wote. Hesabu yake ni hii: vifaranga 500 vya gramu 5 ni gramu 2,500, yaani kilo mbili na nusu. Asilimia 6 ya hiyo ni gramu 150 kwa siku. Gaweni mara tatu, gramu 50 kila mara. Siku za mafunzo anzeni na nusu yake, kisha mwongeze kadiri wanavyomaliza. Wakifika gramu 100 na kuendelea, asilimia 2 au 3 inatosha.

Vuteni sinia baada ya nusu saa. Kama limebaki tupu, ongezeni kidogo mlisho unaofuata. Kama chakula kimebaki, kitoeni chote na mpunguze. Chakula kilichobaki huoza na kutoa sumu majini. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo hafi upesi kama ngege maji yakiharibika. Lakini hilo lisiwadanganye. Anaishi, ila anadhoofika, anaugua, na anaacha kula.

CHAKULA MNACHOWEZA KUTENGENEZA WENYEWE

Chakula cha dukani ni kizuri, lakini bei yake imevunja mioyo ya vikundi vingi. Mengi ya mabwawa yaliyochimbwa mwaka 2009 na baadaye yaliachwa, na ghali ya chakula ni moja ya sababu zake. Huu ni mchanganyiko wa kilo 10 kwa vifaranga:

Omena au uduvi wa ziwani (ochonga), kavu na kusagwa: kilo 5
Soya iliyokaangwa na kusagwa: kilo 3
Makapi ya ngano: kilo 1
Unga wa muhogo: kilo 1

Mchanganyiko huu una protini karibu asilimia 40, ambayo kambale mdogo anaihitaji. Samaki wakifika gramu 100, punguzeni omena hadi kilo 3 na mwongeze makapi hadi kilo 3. Protini itakuwa kama asilimia 32, na gharama itashuka. Ongezeni vitamini na madini ya samaki kutoka duka la agroveti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Pikeni muhogo uwe uji mzito, changanyeni na vingine, mkande kama unga wa chapati, kisha mpitishe katika mashine ya kusagia nyama. Anikeni kivulini penye upepo. Zikikauka, zivunjeni ziwe tembe ndogo zinazoingia kinywani mwa samaki. Angalieni mambo manne:

Kwanza, soya lazima ikaangwe mpaka inukie na kugeuka rangi. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Mtakuwa mnalisha bure.

Pili, omena aliyeanikwa mchangani apepetwe na kuoshwa. Mnanunua kwa kilo, na mchanga ni mzito.

Tatu, msitumie kitu chochote chenye kuvu, hata kama ni cha bure. Tunakumbuka mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya kuvu yalivyoua watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Sumu hiyo hudhuru samaki pia, na mwisho samaki ni wa kuliwa na sisi. Wekeni chakula juu ya mbao, mahali pakavu, na mtengeneze cha majuma mawili tu kwa mara moja.

Nne, na hili ni la dhamiri. Omena ndiye nyama ya maskini. Si haki kumnyang'anya mtoto omena ili tumlishe kambale. Tafuteni vipande vilivyovunjika na vumbi linalobaki chini ya magunia sokoni, au ochonga ambaye watu wengi hawamli. Penye kichinjio, damu iliyochemshwa na kukaushwa inaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya omena. Wengine siku hizi hufuga funza kwa mabaki ya jikoni na kuwakausha.

KUTENGANISHA WAKUBWA NA WADOGO

Hata mkifundisha vizuri, wako watakaokua haraka kuliko wenzao. Kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne, kwa miezi miwili ya kwanza, chambueni. Msiwalishe asubuhi hiyo. Watoeni kwa neti laini, mikono ikiwa imelowa, kwa sababu kambale hana magamba ya kumlinda na ngozi huchubuka. Angalieni miiba ya mapezi ya kando isiwachome. Wekeni wakubwa beseni moja, wa kati lingine, na wadogo lingine, kisha kila kundi liende kizimba chake.

Kipimo rahisi ni hiki: kama kichwa cha mdogo kinaweza kuingia kinywani mwa mkubwa, wasilale chumba kimoja.

Wakifika gramu 20 au 30, wote wakiwa wanakula tembe vizuri na wanalingana, fungueni kizimba waingie bwawani. Endeleeni kulisha mahali pale pale, kwa saa ile ile, kwa kugonga ndoo ile ile. Zungusheni bwawa uzio wa neti au mabati mafupi. Usiku wa mvua kambale hutambaa nchi kavu akatafuta maji mengine, na kenge, fisi maji na ndege nao hawalali.

DALILI ZA KUANGALIA

Wamejifunza: wanakimbilia sinia, tumbo ni la mviringo baada ya kula, na wanalingana saizi.

Bado: wanachukua chakula kinywani na kukitema. Hii si mbaya, wanaonja. Lainisheni chakula au mpunguze saizi yake, na mvumilie.

Hatari: kichwa kikubwa na mwili mwembamba kama mjusi, maana yake ni njaa. Mikia iliyokatika, maana yake wanalana. Mmoja au wawili walio wanene ghafla kuliko wote: watoeni siku hiyo hiyo.

Wakisimama wima juu ya maji bila kusogea, au wakiwa na vidonda, acheni kulisha, badilisheni sehemu ya maji, na mwiteni ofisa wa uvuvi.

DAFTARI LA BWAWA

Sasa turudi kwenye ule mkutano wa magomvi. Kikundi kinachojua hesabu yake hakigombani. Nunueni daftari moja, liwe la bwawa peke yake. Kila siku aliye zamu aandike: tarehe, gramu za chakula, kilichobaki, na samaki waliokufa. Kila siku ya kuchambua, samaki wote wahesabiwe mbele ya wanachama wasiopungua watatu, na watie sahihi au alama ya kidole. Wa tatu asiwe wa nyumba moja na wengine.

Mkifanya hivyo, vifaranga 500 vikiwa 480 baada ya majuma mawili mtajua. Vikiwa 410 baada ya majuma manne mtajua pia, na mtatafuta sababu wakati bado ipo. Je, tulichelewa kuchambua? Je, sinia lilibaki tupu siku nyingi? Je, neti ina tundu? Kama ni mwizi kweli, daftari litawasaidia kumjua. Kama ni kambale, daftari litamlinda jirani asiye na hatia. Jina la mtu likishachafuka kijijini, kulisafisha ni kazi kuliko kuchimba bwawa lingine.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Walikuwa wakisema juu ya watoto, lakini kwa kambale maneno hayo ni ya kweli yalivyo. Majuma mawili au matatu ya uvumilivu mwanzoni yatawapa mavuno, na yatawaacha mkiwa bado marafiki siku ya kuyagawana.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, sisi tuna samaki wangapi leo? Nani anajua, na amejuaje?
2. Katika eneo letu, ni chakula gani cha samaki tunaweza kupata bila kupunguza chakula cha nyumbani?
3. Nani kati yetu yuko karibu na bwawa alfajiri na jioni, awe mwalimu wa samaki kwa majuma matatu ya kwanza? Kikundi kitamsaidiaje?
4. Je, kuna mwanachama tuliyemshuku zamani bila ushahidi? Tunaweza kufanya nini sasa ili tupatane naye?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.